Mume wangu anasema zamu ya ugonjwa imekwisha

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Mwanza. Mume wangu ni seremala, mimi nauza nyanya na dagaa gengeni. Binti yetu ana miaka sita na hajawahi kulazwa hata siku moja. Mdogo wake wa kiume anakaribia miaka mitatu, na huyo ndiye aliyenifanya nikuandikie.

Alizaliwa na kilo tatu na nusu, ananyonya vizuri, watu wanamsifia. Alipofika miezi minane viganja na nyayo vikavimba, akawa hataki kuguswa, analia mpaka sauti inakauka. Majirani wakasema ni jicho la watu, tukampeleka kwa mzee mmoja akachanjwa chale. Baadaye macho yakawa ya njano, damu ikapungua, tukalazwa, akaongezewa damu. Mwaka jana ndipo alipopimwa vizuri, tukaambiwa ana sikoseli. Kwenye kadi yake wameandika SS.

Shangazi, tangu siku hiyo nyumba haina amani. Mama mkwe anasema ukoo wao haujawahi kuwa na ugonjwa huo, kwa hiyo nimeuleta mimi. Nikaenda kupima, majibu yakatoka AS, na hapo nikawa nimewapa silaha: wakasema si unaona, imethibitika ni wewe. Mawifi wanamshauri kaka yao aoe mwingine. Mume wangu hataki kupima. Anasema yeye ni mzima, anabeba mbao kutwa, na damu yake ni kundi O ambayo anaweza kuwekewa mtu yeyote, itakuwaje iwe na kasoro? Siku moja akiwa na hasira alisema mtoto hafanani naye. Mungu ni shahidi yangu, sijamjua mwanamume mwingine.

Lililonisukuma kuandika ni hili. Siku ya majibu nesi alituambia kwamba wazazi wote wawili wakiwa na AS, mtoto mmoja kati ya wanne hupata ugonjwa. Mume wangu amelishika neno hilo. Anasema hata kama ni kweli na yeye anayo, dada mtu ni mzima, mdogo wake ndiye aliyepata, basi zamu imekwisha na wawili wanaofuata watakuwa wazima. Anataka nikatoe kijiti cha uzazi wa mpango mwezi ujao. Mimi naogopa. Je, anachosema ni kweli? Je, ni mimi niliyemwambukiza mwanangu? Na binti yangu ananiuliza kila siku kwa nini mdogo wake anaumwa na yeye haumwi. Nimwambie nini?

Mama wa wawili, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kabla ya kuanza safu hii nilifanya kazi maabara miaka mingi, na kadi zenye herufi hizo mbili nimeziandika kwa mkono wangu. Najua mzazi anavyoishika karatasi ile, anaigeuza huku na huku kana kwamba upande wa pili kuna maneno mengine. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, na ukimaliza kusoma mpe mumeo, maana mengi humu yanamhusu yeye.

La haraka kwanza: usikatoe kijiti kwa kutegemea hesabu ya mumeo. Hesabu ya namna hiyo haipo. Mkiamua kuongeza mtoto, amueni mkijua mnachoamua.

Na hukumwambukiza mwanao. Kuambukiza kunataka kijidudu kitoke kwa mtu kiende kwa mtu, kama kifua kikuu au surua. Selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli, haipatikani kwa kunyonya, kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa damu aliyoongezewa hospitali. Mwanao alikuwa nayo tangu mimba ilipotungwa, kabla hata wewe hujajua kama una mimba. Huko ni kurithi, na katika kurithi huku ilihitajika mikono miwili, wako na wa baba yake.

Wewe unavaa khanga, kwa hiyo tutumie khanga. Khanga huuzwa kwa doti, vipande viwili. Sasa chukulia kwamba kila agizo ambalo mwili hutumia kujijenga, namna ya kutengeneza damu, rangi ya ngozi, umbo la pua, limewekwa ndani yako kwa doti: kipande kimoja ulipewa na mama yako, kingine na baba yako. Maagizo hayo ndiyo jeni, na wengine huyaita vinasaba. Unapopata mtoto humpi doti nzima. Unampa kipande kimoja, bila kuchagua na bila kujua ni kipi. Mumeo naye anampa kimoja. Vikikutana, mtoto anakuwa na doti yake mwenyewe, tofauti na ya kila mmoja wenu. Ndiyo maana binti anaweza kuchukua paji la uso la bibi mzaa baba na vidole vya kwenu, wakati hakuna aliyekaa kumpangia.

Katika maelfu ya doti hizo, moja inahusu himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu. Iko kwenye kromosomu ya 11, na kromosomu ni kama kabati ambamo doti nyingi zimepangwa pamoja. Kipande kizima tunakiita A, na chenye kasoro tunakiita S. Kasoro yenyewe ni ndogo kiasi cha kushangaza: katika maandishi yote ya jeni hiyo, herufi moja tu imeandikwa nyingine. Kwa sababu ya herufi hiyo, asidi amino moja, yaani tofali moja la kujengea protini, kwenye nafasi ya sita ya mnyororo wa protini hiyo imebadilishwa na nyingine. Lakini himoglobini yenye badiliko hilo ikishaachia oksijeni yake hushikamana na kuwa nyuzi ndefu, ngumu, na seli iliyokuwa laini na ya mviringo hujipinda kama mundu. Jina selimundu limetoka hapo. Seli zilizopinda hukwama kwenye mishipa myembamba, ndiyo ule uvimbe wa viganja na kile kilio. Tena hazidumu. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, hizi huishi siku 10 hadi 20. Zinavunjika haraka kuliko mwili unavyoweza kutengeneza nyingine, ndiyo damu kupungua na macho kuwa ya njano.

Mwenye AA ana vipande vyote viwili vizima. Wewe una AS, kimoja kizima na kimoja chenye kasoro, na kile kizima kinakutosha. Utalima, utazaa, utazeeka, na pengine usingejua kamwe kama si huyu mtoto. Mwanao ana SS. Hana kipande kizima cha kumfaa.

Sasa, mwanangu, hapa ndipo kesi yako ilipo. Ili mtoto awe na S mbili, lazima alipewa moja na kila mzazi. Wewe una kipande kimoja tu cha S, na kila mtoto unampa kipande kimoja tu. Hata ungetaka kumpa mbili usingeweza. Cha pili kilitoka wapi? Karatasi yako ya AS wanayoitumia kukuhukumu imesema nusu tu ya habari. Nusu ya pili iko kwenye mkono wa mumeo, ambao hajautoa uchomwe sindano.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwaka 1949 watafiti wawili, kila mmoja kwa njia yake, walilieleza wazi: James Neel huko Marekani, na E. A. Beet aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Neel aliwapima wazazi wa watoto wagonjwa. Kila mzazi aliyempima, baba au mama, alikutwa na dalili ya S kwenye damu ingawa mwenyewe hakuwa mgonjwa. Wazazi hao bila shaka wengi wao walikuwa na nguvu za kubeba mbao kama mumeo.

Kuhusu kundi O: hiyo ni doti nyingine kabisa, iliyo kwenye kromosomu ya 9. Inaeleza alama zilizo juu ya ngozi ya seli ya damu, haisemi lolote juu ya himoglobini iliyo ndani. Mtu wa kundi O anaweza kuwa AA, anaweza kuwa AS, anaweza kuwa SS. Wengi hukosea hapo, hata watu waliosoma, kwa kuwa vyote vinaitwa kupima damu.

Na kauli ya mama mkwe kwamba ukoo wao haujawahi? Naamini anasema anachokijua. Kipande cha S kinaweza kupita kutoka babu hadi mjukuu hadi kitukuu pasipo mtu hata mmoja kuugua, mradi kila aliyekibeba alioa au kuolewa na mwenye AA. Siku mbebaji mmoja anapokutana na mbebaji mwingine ndipo kinapojitokeza, na watu husema kimeingia nyumbani siku hiyo. Tena kumbuka zamani watoto wengi wa SS walikufa kabla ya kupimwa chochote. Ikasemwa ni malaria, ni degedege, ni kurogwa. Ukikaa na mama mkwe siku moja mmetulia, muulize kwa upole kama yeye au dada zake waliwahi kuzika watoto wadogo. Usiulize ili kumshinda. Huenda anabeba huzuni ambayo hakuwahi kupewa jina lake.

Hapo kwenye kurogwa pia nina la kusema, maana najua linalowasumbua ni ile miezi minane ya afya. Mtoto alikuwa mnene, anacheka, kisha ghafla. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, ya watoto wachanga, ambayo jeni yake si ile yenye kasoro. Anazaliwa akiwa nayo kwa wingi, na inamlinda. Katika miezi ya kwanza inapungua kidogo kidogo na ile ya kikubwa inachukua nafasi. Kwa mtoto wa SS, ya kikubwa ndiyo mbovu. Ndiyo maana dalili huanza karibu na miezi sita au baada ya hapo, na kuvimba viganja na nyayo ni moja ya dalili za mwanzo kabisa. Jicho la mtu halimo humo, na chale msimrudie nazo. Kidonda kwa mtoto huyu ni mlango wa maradhi.

Nije kwenye hesabu ya mumeo.

Kanuni ya mmoja kati ya wanne ni ya zamani kuliko ujuzi wetu wa selimundu. Mtawa aitwaye Gregor Mendel, katika bustani ya watawa mjini Brno, alipanda njegere miaka mingi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Alichukua njegere za duara akazichanganya na zenye mikunjo. Kizazi cha kwanza kilitoka duara chote, mikunjo ikapotea kama haikuwahi kuwepo. Akaacha hizo za duara zijichavushe zenyewe, na mikunjo ikarudi: mbegu 5,474 za duara na 1,850 zenye mikunjo, karibu tatu kwa moja. Wazazi wa duara, watoto wenye mikunjo. Ni habari yenu hiyo hiyo, wazazi wazima na mtoto mgonjwa.

Lakini kuna jambo katika maandishi ya Mendel ambalo ningependa mumeo alitazame. Uwiano ule wa tatu kwa moja aliupata baada ya kuhesabu maelfu. Alipotazama mmea mmoja mmoja, mambo yalikuwa tofauti. Mmea mmoja ulitoa mbegu 43 za duara na 2 tu zenye mikunjo. Mwingine ulitoa 14 za duara na 15 zenye mikunjo. Hakuna mmea uliokaa ukahesabu umetoa ngapi ili ujue umebakiza ngapi. Familia ya watoto wanne ni ndogo kuliko mmea wowote wa Mendel.

Fanyeni hivi jioni moja. Chukua vikombe viwili, kimoja chako na kimoja chake. Kila kimoja kiwe na punje mbili za maharage, moja nyekundu na moja nyeupe. Nyeupe ni A, nyekundu ni S. Kila mmoja afumbe macho atoe punje moja. Mziweke pamoja mezani: huyo ni mtoto. Andikeni, kisha kila mmoja arudishe punje yake kikombeni kabla ya kutoa tena. Hapo kwenye kurudisha ndipo ulipo moyo wa jambo. Kikombe hakipungui. Mkipata nyekundu mbili mara ya kwanza, mara ya pili vikombe ni vile vile, na nyekundu mbili zinaweza kuja tena. Rudieni mara ishirini. Mtaona nyekundu mbili zikikaa kimya kwa muda mrefu, kisha zikija mara mbili mfululizo. Mumeo anadhani punje zikishatoka hazirudi. Zinarudi kila mimba.

Kwa hiyo, ikiwa yeye ni AS kama ninavyoamini, mtoto wa tatu ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS, na wa nne vivyo hivyo, hata wangekuwa wametanguliwa na kumi. Tukizitazama familia 16 zilizo na hali kama yenu, kila moja ikapata watoto wawili zaidi, kwa wastani 9 zitapata wote wawili bila ugonjwa, na 7 zitapata angalau mmoja mgonjwa. Tisa kwa saba. Sikwambii usizae. Nakwambia hiyo ndiyo sura ya jambo. Kuna wazazi wanaoitazama na kusema tunakwenda, tukijua namna ya kumpima mtoto mapema na kumtunza. Wapo wanaosema wawili wanatutosha. Wote wawili nawaheshimu. Anayenitia hofu ni anayeambiwa zamu imekwisha.

Mawifi wanaoshauri aoe mwingine nao wafahamu hili. Akioa, kipande chake cha S anakwenda nacho. Tanzania, kati ya watu 100, inakadiriwa 13 hadi 20 wana AS. Mke mpya akiwa mmoja wao, mtakutana naye kliniki ile ile.

Na kwa nini ni wengi hivyo? Swali hili ndilo lililonivuta mimi kwenye kazi hii nikiwa kijana, uniruhusu kulieleza. Anthony Allison, Mwingereza aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Akakuta AS ni nyingi kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, na ni chache sana nyanda za juu kwenye baridi. Ramani ya S ilikuwa ikifuata ramani ya mbu. Mwaka 1954 alionyesha kwamba mtoto mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kinga hiyo haimzuii kuugua, lakini ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Kwa maelfu ya miaka, mtoto wa AA alikufa kwa malaria, wa SS alikufa kwa selimundu, na wa AS akabaki kuzaa. Kile kipande chenye kasoro, mwanangu, pengine ndicho kilichomponya bibi wa bibi yako kando ya ziwa hilo hilo, nawe ukawepo. Damu yenu si chafu. Ni damu iliyopita kwenye malaria ikatoka hai, na gharama yake imewaangukia baadhi ya wajukuu.

Lakini sikiliza, kinga hiyo ni ya AS peke yake. Kwa mwanao wa SS malaria ni hatari kubwa. Alale kwenye chandarua kila usiku bila kukosa.

Kuhusu kupima. Mumeo asiishie kwenye kipimo kile cha haraka kinachoonyesha tu kama seli zinajipinda. Hicho kinasema S ipo au haipo, hakisemi kama ni moja au mbili. Aombe kile kinachotenganisha aina za himoglobini, ambacho majibu yake huandikwa kwa herufi mbili kama yako. Binti apimwe pia, bila haraka wala hofu. Tukichukulia baba ni AS, mtoto asiye mgonjwa ana nafasi 2 kati ya 3 za kuwa AS. Haitamzuia kucheza wala kusoma, ila atakapokuwa mkubwa na kuleta mchumba ajue cha kuuliza. Na yeyote aliyeongezewa damu miezi ya karibuni aseme kabla ya kipimo, kwani damu ya mtu mwingine inaweza kupotosha majibu.

Kuna swali ambalo hukuliuliza lakini nimelisikia chini ya barua: majibu ya mume yakitoka AA, itakuwaje? Kwanza kipimo kirudiwe kwa daktari anayezijua damu hizi, na kipimo cha mtoto pia, maana zipo kasoro nyingine za himoglobini ambazo zikikutana na S humfanya mtoto aonekane kama SS. Wewe umeniambia hujamjua mwingine, nami nakuamini. Kwa mwanamke aliye katika hali yako, kipimo hiki ni shahidi wa kuitwa, si wa kuogopwa. SS ya mtoto inamwelekezea kidole mtu mmoja tu duniani, na ni mumeo.

Hilo la kutofanana lisikuumize usiku. Sura, urefu na rangi ya ngozi haziamuliwi na doti moja. Ni doti nyingi sana zinazofanya kazi pamoja, na chakula na afya vinaongeza lao. Mtoto anayeumwa mara kwa mara hukua taratibu, uso wake hukonda, na mtu mwenye hasira huona anachotaka kuona.

Namna ya kumfikia mumeo sasa. Usimwendee na neno "nawe unayo", maana atasikia unamrudishia kombora la mama yake. Mwanamume anayekataa kupima, nimewaona wengi, mara nyingi anaogopa kuwa ndiye aliyemuumiza mwanawe. Mwambie wazi: hakuna aliyefanya kosa, wote wawili tulitoa mkono tukiwa tumefumba macho. Siku ya kliniki mwombe akusindikize kwa sababu mtoto anakuwa mzito kumbeba, na mwombe daktari awaeleze nyote wawili mkiwa mmekaa pamoja. Akigoma, yupo baba mdogo, yupo mshenga wenu, yupo mtu ambaye neno lake analiheshimu. Mpe huyo barua hii asome kwanza.

Huku hayo yakisubiri, mtoto asisubiri. Ahudhurie kliniki ya selimundu, apate chanjo zote ikiwemo ya nimonia, folik asidi, na penisilini ya kila siku ya kuzuia maambukizi mpaka afike miaka mitano. Muulize daktari kuhusu haidroksiyurea. Dawa hiyo inauamsha mwili urudie kutengeneza ile himoglobini ya uchangani niliyokueleza, na watoto wengi wanaoitumia hupata maumivu machache na hulazwa mara chache. Maji ya kunywa mengi, nguo za joto asubuhi za mvua. Jifunze kupapasa bandama upande wa kushoto chini ya mbavu, nesi atakuonyesha. Ikivimba ghafla na mtoto akawa mweupe na mnyonge, ni hospitali saa hiyo hiyo. Homa ya nyuzi 38 na kuendelea, hospitali, hata iwe usiku. Usianze na panadoli ukangoja kuche.

Utasikia pia habari za kupandikiza uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, tiba ambayo Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma imekwisha kuwafanyia watoto wenye selimundu. Ni tiba nzito, ina hatari zake, na mfadhili anayefaa zaidi huwa ndugu wa tumbo moja ambaye doti zake fulani za kinga zinalingana na za mgonjwa. Nafasi ya ndugu kulingana ni, tena, 1 kati ya 4, na ndugu mwenye AS anaweza kutoa. Liulize kliniki, lakini msizae mtoto kwa ajili hiyo tu.

Imebaki kwa binti yako. Usimwambie mdogo wake alirogwa, wala kwamba ni mapenzi ya Mungu kisha ukanyamaza, maana atajiuliza kwa nini Mungu alimpendelea yeye. Toa khanga mbili kabatini, moja yako na moja umwambie ni ya baba, na ukunje vipande vyake. Mwambie: mimi nilikupa wewe kipande, na baba akakupa kipande. Mdogo wako naye tulimpa. Vyake vyote viwili vilitokea kuwa na tundu, na hatukujua, tulikuwa tumefumba macho. Ndiyo maana anasikia baridi upesi, ndiyo maana ananywa dawa. Atakuuliza vya kwake vikoje. Mwambie bado hatujui, tutakwenda kuangalia pamoja, na kwamba hata kama kimoja kina tundu, kile kingine kinatosha kumfunika.

Niandikie majibu yatakapotoka.

Shangazi